Dumu Tuliloliacha Mikindani

Zuhura alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa sokoni Nansio, kisiwani Ukerewe, nachagua sato. Namba siijui, sauti siijui. Alisema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi Zuhura wa Newala," na kabla sijaitikia akaongeza, "Mama ametutoka jana." Nilimrudishia muuzaji samaki wake, nikatafuta pa kukaa. Namba yangu alikuwa ameipata kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wangu wa zamani, watu ambao siku hizi wana vitambi na mvi na bado wananiita Mwalimu Perpetua. Hakuniomba niende. Alinipa taarifa tu, akaniuliza habari za afya, akakata. Nilikwenda hata hivyo. Siku ya tatu ya safari nilipanda mlima kutoka Masasi ndani ya gari la Zuhura mwenyewe, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na njia nzima tuliongea bei ya saruji. Kila alipogeuka kuniangalia niliona paji la uso la mama yake, nikageukia dirishani. Zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimeikanyaga Newala, na nilipoishi pale sikumaliza hata mwaka.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita nilipopangiwa kwenda kufundisha hesabu kule, na nilifika mwezi wa Januari nikiwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni kuondoka. Nilikuwa na mchumba Mwanza, jina lake Deogratias, posa imeshapokelewa kwetu Ukerewe, na tulikuwa tumekubaliana kwamba harusi itafungwa mara nitakapopata uhamisho wa kurudi kanda ya ziwa. Barua ya kuomba uhamisho niliiandika wiki ya pili tu, hata vumbi la safari halijanitoka masikioni. Pale ofisini niliambiwa majibu hayazidi miezi miwili. Kwa hiyo sikufungua sanduku langu. Nguo nilizitoa moja moja kama mtu aliyelala gesti, na picha ya Deo niliiacha ndani ya kitabu cha logarithimu. Leo nikimkumbuka yule msichana namhurumia na kumcheka kwa wakati mmoja, maana alikuwa amefika mahali na hakutaka hata kupaangalia.

Shule haikuwa na nyumba za kutosha, nikapewa chumba kwa Mama Zuhura, mwalimu wa taaluma, mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenyeji wa Newala hasa, ambaye alikuwa hajawahi kulala nje ya mkoa. Mumewe, Baba Zuhura, alikuwa na mikorosho kijiji cha Mnyambe na alirudi nyumbani kila Alhamisi jioni. Zuhura ndiye mtoto wao wa pekee aliyebaki shuleni, yuko kidato cha nne, katika darasa langu. Chumba changu kilikuwa na dirisha la mbao lililofunguka nusu tu, kwa sababu nusu nyingine iligonga pipa. Ukuta haukufika kwenye bati, hivyo nilisikia kila kitu: redio, kukohoa, sala, mchi kwenye kinu. Mbele ya nyumba kulikuwa na kisima cha saruji kilichochimbwa chini ya ardhi kuhifadhi maji ya mvua yanayotoka kwenye paa, nacho kilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye pindo la khanga ya Mama Zuhura. Mashine za kusukuma maji kutoka bondeni zilifanya kazi zilipotaka. Asubuhi kila mtu alipata bakuli lake. Ukishanawa uso, unayaweka yale maji unaoshea miguu, ukimaliza unayapeleka kwenye mpapai. Mimi niliyezaliwa kisiwani, ambako ziwa liko mlangoni na mtu hujitosa na nguo zake akitaka, nililia siku ya kwanza nilipopewa bakuli lile. Mama Zuhura aliniona, akaniongezea kikombe kimoja, na kila asubuhi baada ya hapo. Sikujua wakati ule kikombe hicho alikitoa katika sehemu yake.

Chakula tulikula pamoja, ugali wa muhogo na kisamvu, au mbaazi, na siku ya Alhamisi kuku kama Baba Zuhura amekuja na mmoja. Baada ya chakula Zuhura na mimi tulibaki mezani na kibatari tukifanya hesabu. Hakuwa mwepesi wa hesabu lakini alikuwa mbishi, na mbishi hufundishika. Mama yake alikaa pembeni akisahihisha madaftari, na mara kwa mara alimwangalia mwanawe, kisha akaniangalia mimi. Shule nzima haikuwa na mwalimu mwingine wa hesabu. Kabla yangu darasa lile lilikaa mwaka na nusu likinakili maswali ubaoni bila mtu wa kuyafanya.

Jioni nilikuwa na tabia ya kwenda ukingoni mwa mlima, pale wanapopaita Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika na unaona nchi yote chini mpaka Ruvuma, na ng'ambo ya mto Msumbiji. Wenyeji huwapeleka wageni pale wafurahi. Mimi nilipachukia. Kuona mbali namna ile na huwezi kwenda kuliniumiza kuliko kama ningewekwa ndani ya kuta. Kila mwisho wa mwezi nilipanda lori kushuka Masasi kumpigia Deo simu, kwa kuwa ya Newala ilikuwa mbovu siku nyingi kuliko ilivyokuwa nzima, na kila mwisho wa mwezi aliniuliza swali lile lile, nami nikampa jibu lile lile: bado. Machi, bado. Aprili njia ilikatika kwa mvua, sikushuka kabisa. Mei, bado. Nilikwenda kwa mkuu wa shule mara sita, na mara zote alinijibu akiangalia kabati. Nakumbuka Alhamisi moja nikiwa chumbani nimelala, nikawasikia Mama na Baba Zuhura wakibishana jikoni kwa Kimakonde. Sikujua lugha ile, lakini ndani yake lilipita jina langu, na neno "barua," na jina langu tena. Baba Zuhura alikuwa mkali, jambo ambalo si kawaida yake. Nilidhani wanazungumzia barua ya kodi ya chumba, nikajigeuza upande wa pili.

Mwezi wa Julai Deo aliniandikia. Barua yake ilikuwa fupi na ya adabu, kama ya mtu anayeomba ruhusa kazini. Alisema wazazi wake wamechoka kungoja, kwamba amepatikana binti pale Mwanza, na harusi ni Agosti. Nilimpa Mama Zuhura aisome kwa sababu sikuweza kuisema kwa mdomo. Alisoma, akakaa chini kwenye sakafu, akalia kuliko mimi. Nikaona mapenzi ya ajabu, mtu baki kulia namna ile kwa ajili yangu. Nilimbembeleza mimi.

Baada ya hapo sikuwa na hata sababu ya kuondoka, na bado nilitaka kuondoka. Hiyo ndiyo hali mbaya zaidi ninayoikumbuka maishani, kufungwa mahali na aliyekuwa akikungojea nje ameshakwenda zake. Nilifundisha, nilikula, niliosha miguu kwa maji ya uso. Mwezi wa Septemba tulipelekwa Mtwara, mimi na Mama Zuhura, kwenye semina ya walimu ya wiki moja. Mmoja wa wawezeshaji alikuwa mama wa Kizungu aliyependa michezo ya majini, na alikuwa na kayaki ya watu wawili, ya plastiki ya manjano, aliyoihifadhi ufukweni Mikindani. Siku moja wakati wa chai nilimwambia kwamba nimekulia kwenye mtumbwi, kwamba nilipiga kafi kabla sijajua kusoma. Akasema Jumamosi hana kazi nayo, niichukue kutwa nzima. Usiku sikulala vizuri kwa furaha. Nilipanga safari mwenyewe: kutoka Mikindani kufuata pwani kuelekea kaskazini mpaka karibu na Mgao, tule kule, turudi kabla ya magharibi. Mama Zuhura aliposikia akasema, "Peke yako huendi."

Alikuwa hajawahi kuingia baharini hata kwa miguu. Alfajiri ile alifika ufukweni amevaa suruali ya mumewe ndani ya gauni, mtandio umefungwa kwa pini nne, na mkononi dumu la lita tano la maji. Mtu wa Newala hasafiri bila maji yake. Hata akienda harusini anabeba. Mimi nilicheka. Sehemu ya miguu ndani ya kayaki ilikuwa finyu, dumu likawa linambana magoti, nami nikamwambia, "Mama Zuhura, tunakwenda kwenye maji, unabeba maji ya nini? Liache." Naandika maneno haya kama nilivyoyasema. Nilijua kwa kichwa kwamba bahari ni chumvi, nilikuwa nimejifunza hivyo kwenye jiografia, lakini katika maisha yangu yote chombo kilikuwa mahali ambapo ukisikia kiu unateka kwa kiganja unakunywa. Nikaona chupa moja ya maji inatutosha. Aliniangalia, akasema, "Wewe ndiye mjuzi wa huku, mimi mjuzi wa kule kwetu," akamwachia mlinzi wa pale dumu lake. Mlinzi, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, alituambia, "Leo bamvua, dada zangu. Maji yatatoka mbali sana." Nilimshukuru. Ziwani maji hayatoki wala hayaingii, yapo tu, kwa hiyo nilichukulia kwamba ananieleza namna ya kukivuta chombo mchangani tutakaporudi.

Saa mbili za kwanza zilikuwa ndizo saa nzuri kuliko zote za mwaka ule, na sitakubali yaliyofuata yanipokonye. Maji yalikuwa yanatuvuta nje ya ghuba kama yanatusaidia. Tulipita chini ya majabali meupe yaliyoliwa na mawimbi, na chini yetu, kina cha nyumba mbili, tukaona mchanga na viti vya pweza, wale nyota wa bahari, vyekundu vimetulia. Mama Zuhura alikaa mbele, mgongo umenyooka kama yuko ofisini kwa mkuu, akichovya kafi lake kwa upole asije akaumiza kitu. Akasema, "Nikifa leo, mwambie Baba Zuhura nilikufa nimelowa, atashangaa." Nikacheka mpaka kayaki ikayumba. Mikono yangu ilikumbuka kila kitu. Nikawaza: hapa hakuna mkuu wa shule, hakuna kabati, naweza kuendelea kupiga kafi mpaka nitokee Lindi na hakuna wa kunizuia.

Jua lilipopanda Mama Zuhura alianza kuumwa kichwa, nikaona mlango wa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, kijani na kivuli, nikaingiza humo tupumzike. Tulikwenda ndani sana, njia ikipinda na kupinda. Tukala maandazi, tukanywa chupa yote. Nilikuwa nimefumba macho niliposikia sauti kama ya kitu kinachonyonywa. Nilipofumbua niliona mizizi ya mikoko imerefuka. Nikageuza chombo haraka, tukapiga kafi, tukapita kona ya kwanza, na kwenye kona ya pili kayaki ikakwaruza, ikakaa. Katika muda usiozidi nusu saa maji yote yalituponyoka mbele ya macho yangu, tukabaki ndani ya plastiki ya manjano juu ya tope, kaa wakitoka mashimoni kutuangalia. Nilishuka nikidhani nitaivuta. Nilizama mpaka mapajani, na ilinichukua muda mrefu kujitoa, nikajilaza juu ya kayaki nahema. Mikoko yenye kivuli ilikuwa mbali kama upana wa uwanja wa mpira, na hatukuweza kuifikia. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu.

Saa ya kwanza tuliita, hakuna aliyeitika. Saa ya pili tukanyamaza kutunza mate. Mama Zuhura alitapika maandazi, midomo ikamkauka, akafunika uso wake kwa mtandio. Mimi niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia napata joto shingoni. Nilimwambia, "Nisamehe. Dumu nimekuachisha mimi." Bila kugeuka, kwa sababu kiti cha mbele hakigeuki, akasema, "Perpetua, nina neno. Nilikuja nawe ili nikuambie tukiwa njiani kurudi, lakini sijui kama nitarudi. Uhamisho wako ulikuja mwezi wa Machi."

Sikuelewa. Nilimwambia arudie.

"Ulikuja Machi. Mkuu alitaka kukupa. Mimi ndiye niliyemwomba aiweke barua mpaka wamalize mtihani. Nilimwambia ukiondoka darasa lote limekwisha, na Zuhura amekwisha. Ni kweli ilikuwa hivyo, lakini nilikuwa namfikiria Zuhura. Baba yake amenigombeza kila Alhamisi. Deo alipoandika nilitaka kusema, nikaogopa."

Nilikuwa na kafi mkononi. Naandika kwa ukweli: niliangalia kisogo chake, zile pini nne, na nilitamani kumpiga. Pale tulipokuwa nisingeweza hata kusimama nikampa mgongo. Nilimtukana kwa Kikerewe, maneno ambayo sikujua kama ninayo, naye aliyapokea yote bila kuinua bega. Nilipomaliza nikamuuliza, "Na wewe ukaniacha nikubembeleze, ukanipa kikombe cha maji kila asubuhi?" Akasema, "Ndiyo." Tulikaa hivyo, watu wawili mmoja nyuma ya mwenzake, magoti yangu yakigusa mgongo wake, mpaka jua likapita utosini na ule unyevu ukaanza kurudi chini ya kayaki kidogo kidogo. Kwa hasira zangu zote nilikuwa nikimsikiliza anavyopumua.

Tulielea saa nane kasoro. Yeye hakuweza tena kushika kafi, kichwa kilimlala kifuani. Nilipiga kafi peke yangu dhidi ya upepo, viganja vikachubuka, na kila baada ya muda nikamwita jina lake ili anijibu. Nilimwita Mama Zuhura, akijibu nilichukia kwamba amejibu, asipojibu niliogopa mpaka nikalia. Kabla ya Mikindani niliona nyumba na minazi, nikapandisha chombo mchangani, na wanawake wa pale wakamtoa, wakamnywesha madafu tone kwa tone, wakampakia kwenye gari la mkaa mpaka hospitali, akawekewa dripu. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu asingepona.

Jumatatu mkuu wa shule alinipa barua yangu bila kuniangalia. Jumatano niliondoka. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tano. Mama Zuhura, bado dhaifu, alinisindikiza mpaka kituoni amebeba begi langu dogo, nami sikumzuia kulibeba wala sikumshukuru. Zuhura hakuja, alikuwa darasani. Matokeo niliyasikia mwakani kwa mwalimu mwingine: Zuhura alifeli hesabu, na karibu darasa zima pamoja naye. Niliambiwa hivyo nikaendelea kula. Nilifundisha Ukerewe mpaka nilipostaafu mwaka jana, nikaolewa na mtu mwingine, nikafiwa naye. Mama Zuhura aliniandikia mara tatu. Barua zile ninazo. Sikujibu hata moja.

Nyumba yao siku hizi ina bomba ndani, lakini watu wa matanga walikuwa wamekaa barazani palepale, kwenye mikeka. Baada ya dua ya mchana Baba Zuhura, ambaye haoni vizuri tena, aliomba niletwe karibu yake. Wajukuu walikuwa wamejaa. Akasema, "Mwalimu, waambie hawa habari ya bahari." Nilijua katika nyumba nyingi marehemu husafishwa kwa maneno, na mgeni aliyetoka mbali husafishwa pamoja naye, na kwamba pale ningeweza kusema nilimwokoa na wote wangeitikia. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikawaambia ilivyokuwa: dumu, bamvua, tope. Nikawaambia kwamba bibi yao alikaribia kufa kwa kiburi changu. Habari ya barua niliiruka, kwa kuwa Zuhura alikuwa amekaa mlangoni.

Baba Zuhura alisikiliza mpaka mwisho. "Hayo tunayajua," akasema. "Alikuwa akiyasimulia, na ya barua pia alikuwa akiyasimulia, hata mbele ya Zuhura. Hakuna lililofichwa katika nyumba hii." Kutoka mlangoni Zuhura aliitikia kwa kichwa. Mzee akaipapasa mikeka mpaka akaupata mkono wangu. "Mimi nataka jingine, mwanangu. Ulikasirika, na haki ulikuwa nayo. Ulikaa na hasira mpaka lini?"

Ningeweza kumpa miaka kumi. Ningeweza kumpa yote, na hakuna ambaye angenilaumu. "Ziliisha mwaka wa pili," nikamwambia.

Mzee hakuuachia mkono wangu.

"Na hiyo miaka mingine yote?" akauliza.